Chai ya Mdhamini

Wote tuliokuwa tukichukua mali Deira, Dubai, bila pesa mkononi tulimwita Mdhamini tukiwa peke yetu, na Shangazi tukiwa mbele yake. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, mtu mzima, mwenye buibui lililopigwa pasi hadi kwenye pindo na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo wa shanga. Mchana alikuwa karani katika ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo karibu na gati za Deira. Ukimuuliza habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake, alikujibu kwamba paspoti yake iko kwa kafeel, nenda ukaisome. Kafeel ni yule mwenyeji ambaye viza yako imekaa chini ya jina lake, na wake alikuwa mzee mmoja mpole aliyemwajiri zamani kisha akamsahau pale ofisini. Kwa hiyo hayo ya kuzaliwa nami nitayaacha. Nitasema niliyoyaona, na nitasema tulivyoshindwa kumsaidia alipohitaji mtu, kwa sababu hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka leo.

Mimi nilikuja Dubai kulinda mlango wa jengo la maduka. Nililala Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, pamoja na walinzi wenzangu, basi la kampuni likitubeba alfajiri na kuturudisha jioni tukiwa na miguu imevimba. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka kununua mablanketi na mashuka kwa bei ya jumla, niyasafirishe, dada yangu ayauze Nakuru. Baadaye, Mungu akipenda, nipate leseni yangu mwenyewe, na viza isiyotegemea bosi ameamkaje siku hiyo. Lakini leseni hulipiwa kabla, na mali hulipiwa kabla, na mlinzi hulipwa mwisho wa mwezi, wakikumbuka. Mtu akiniambia kwamba bidii ndiyo mtaji, humtazama tu na kumwacha aendelee kusema.

Mlango uliobaki kwa watu wa aina yetu ulikuwa mali kauli. Mwenye duka anakupa bidhaa kwa neno lako, unauza, ndipo unamlipa. Biashara ya namna hiyo ni ya zamani sana kati ya pwani yetu na Ghuba, ila inataka mtu anayejulikana, nasi tulikuwa hatujulikani hata na majirani wa chumba cha pili. Viza ya miaka miwili inaweza kufutwa kabla mzigo haujafika Mombasa. Mwenye duka analijua hilo kuliko wewe. Hapo ndipo alipoingia Mdhamini.

Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Alikupeleka mwenyewe dukani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mwenye duka akaagiza chai ya maziwa yenye iliki, ile wanayoiita karaki. Mdhamini akazungumza habari za joto, bei ya kontena na harusi za watoto wa watu. Jina lako halikutajwa hata mara moja. Akiinywa chai ile mpaka mwisho, umepata mali. Akiiacha ipoe mbele yake mpaka ishike utando wa maziwa, huna chako. Mwenye duka aliangalia kikombe, wala hakujisumbua kuangalia uso wako.

Mimi sikuelezwa hayo na mtu. Niliyagundua siku nilipofuatana naye pamoja na bwana mmoja wa Arusha, mwenye viatu vyenye ncha na maneno mengi, aliyetaka mapazia. Yule bwana alitaja makontena kama mtu anayetaja mbuzi wa babake. Mdhamini alimsikiliza, akacheka panapochekesha, akauliza kuhusu mvua za kwao. Chai yake ikashika utando. Tulipotoka, bwana wa Arusha alimshukuru mpaka kwenye kivuko cha barabara, akamwombea maisha marefu. Alingoja simu ya mwenye duka hadi akachoka.

"Shangazi, mbona hukunywa chai?" nilimuuliza tulipobaki wawili.

"Sukari nyingi."

"Juzi ulikunywa yenye sukari hiyohiyo."

Akanitazama juu ya miwani. "Kumbe wee wa bara macho unayo. Haya, siku moja tutaona kama na kichwa unacho."

Kuniita wa bara lilikuwa pendo lake kwangu. Alidai Kiswahili changu kina baridi, kwamba nikisema anahisi kutafuta sweta. Nami nilimwambia Kiswahili chake kina unyevu, kinahitaji kuanikwa. Alilipenda jibu hilo, akalirudia kwa watu kana kwamba ni lake.

Kabla ya kukunywia chai alikuwa na swali lake, na hilo ndilo lililowaangusha wengi. Hakuuliza una mtaji gani wala unajua nini kuhusu biashara. Aliuliza: "Ukirudishwa kesho, nani kwenu nitampigia simu?" Ukitaja rafiki, alitikisa kichwa. Ukisema utamtumia namba baadaye, kesi imekwisha. Mimi nilitaja mama yangu, aliye Molo, na papo hapo Mdhamini akanyoosha mkono akitaka simu. Akapiga, akaweka sauti ya juu, watu wote ofisini wakasikia.

"Hallo," alisema mama, na kwa nyuma kuku walisikika.

"Hujambo mama. Napiga kutoka Dubai. Niko na kijana wako hapa."

Mama akasema kwa sauti ya mtu anayejiandaa kupigwa: "Madam, kijana wangu amefanya nini? Alikuwa mtoto mzuri hapa. Hata kanisani wanamjua."

Mdhamini alicheka mpaka miwani ikadunda kifuani. Alimwambia sijafanya lolote bado, ila nataka kuchukua mali ya watu, na akitaka anikataze sasa hivi. Mama akauliza mali gani. Akaambiwa mablanketi. Mama akasema mablanketi ni sawa, huku kuna baridi. Wakaendelea kuzungumza mpaka salio langu likaisha. Tangu siku ile walipigiana Idi na Krismasi, wakinisengenya nadhani, na mimi nikapata mablanketi yangu ya kwanza kwa kikombe cha chai ambacho sikukilipia.

Nisije nikamfanya malaika. Mtu huyu aliyeweza kumsimamia mgeni kwa mzigo wa mablanketi hakuazimisha chochote cha kwake. Chaja ya simu hakutoa. Pasi hakutoa. Siku mvua ile ya nadra ilipofurika Deira nzima, nilimwomba mwavuli wake nivuke barabara tu nirudi, akaniambia nivue viatu. Alipanda lifti kwa ghorofa moja, akisema ngazi ni za watu wasiolipa kodi. Uturi wake aliuficha ndani ya kopo la unga. Na umri, kwa miaka yote niliyomjua, alikuwa na hamsini na tisa. Msusi mmoja wa Kampala, mdomo mkubwa, alimuuliza mbele za watu atatimiza lini sitini. Akajibiwa kwamba sitini ina foleni.

Mimi kwa ukaidi wangu sikutosheka na chai. Nilitaka kuendelea kama watu wengine wanavyoendelea, kwa benki. Nilimwomba anisindikize. Alijipaka uturi kama anayekwenda harusini, akaketi karibu nami kwenye kochi la ngozi akikipekua kipeperushi chenye picha ya kijana anayecheka mbele ya duka lake. Aliyetuhudumia alikuwa binti wa Kenya, mwenye suti na adabu nyingi.

"Kaka, viza yako inaisha lini?"

"Mwakani."

"Mkopo lazima uishe kabla ya viza. Na mwajiri wako anaweza kukuandikia barua?"

Nilimfikiria bosi wangu akiandika barua ya kunisaidia niache kulinda mlango wake. Nikasema hapana. Nikauliza, je, nikiwa na leseni yangu mwenyewe?

"Ukiwa na leseni, na biashara iwe imekwenda miaka kadhaa, hapo tunaweza kuangalia."

"Mwanangu," Mdhamini aliingilia, "yaani mtamkopesha pesa za kuanzia akishamaliza kuanza?"

Yule binti alitazama nyuma yake, akashusha sauti. "Shangazi, hata mimi niliomba. Nilitaka kufungua duka la keki na dada yangu. Mshahara wangu wanaulipa wao wenyewe, na wamenikatalia wao wenyewe."

Kati yetu watatu hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Kisha binti akatuletea maji baridi, maana ndicho alichokuwa na uwezo wa kutoa. Nje Mdhamini alikichukua kile kipeperushi, akakifanya pepeo la kujipunguzia joto, na siku nyingi baadaye nilikiona bado kikifanya kazi hiyo mezani pake.

Tulijaribu na njia nyingine. Tulianzisha mchezo, ule wa kuchangishana na kupokezana kwa zamu. Watanzania waliuita upatu, sisi Wakenya tukaita chama, na kwa majina yote mawili ulivunjika. Hakuna aliyeiba. Walinzi wawili waliokwisha kupokea zamu zao kampuni iliwapunguza, wakapandishwa ndege, basi. Ningependa sana kuwa na mtu wa kumkasirikia.

Yule msusi wa Kampala naye zamani kidogo alipata mwenyeji wa kumpa jina. Leseni ikaandikwa kwa jina la mwenyeji, viti na vioo akanunua msusi. Walipokosana, viti na vioo vilifuata jina. Sasa sheria inamruhusu mgeni kumiliki biashara nyingi peke yake, nasi tulipoisikia tulipiga vigelegele pale ofisini hadi jirani akagonga ukuta. Kilichobaki kilikuwa pesa za kuilipia hiyo ruhusa, na pesa za viza, na za bima, na za kodi ya ofisi, zote mbele kabla hujauza hata foronya. Msusi alirudi kusukia watu majumbani bila kibali, akishtuka kila kengele ya mlango inapolia.

Kwa hiyo tulirudi kwenye vikombe vya Mdhamini. Na ninapokumbuka tulivyorudi kwake kwa raha, kana kwamba chai ile ilikuwa haigharimu kitu, huona jinsi tulivyokuwa hatuna pa kwenda.

Maana iligharimu. Fundi mmoja wa cherehani wa Tanga alichukua vitambaa vya mapazia kwa chai ya Mdhamini. Akagombana na kampuni yake, viza ikafutwa, akaondoka na begi moja, vitambaa vikabaki vimefungiwa kwenye nyumba ya kampuni ambayo hakuruhusiwa tena kuikanyaga. Mdhamini alikwenda kwa mwenye duka la mapazia bila kuitwa. Kuanzia hapo, kila Jumamosi alasiri alikaa mlangoni pa duka lile akiwavuta wateja wa Kiswahili: "Karibu mwanangu, hili la maua litakaa kwako kama limezaliwa humo." Aliuza kwa mdomo wake mpaka mwenye duka mwenyewe akasema khalas, Mama, yatosha, nenda nyumbani upumzike.

Nilimwambia kwa hasira kwamba deni halikuwa lake.

"Nilikunywa chai yao," alisema. "Kwani niliitapika?"

Na wala hakuwa amemsamehe yule fundi. Kila Jumamosi asubuhi alimlaani kwa lugha ambayo siwezi kuiandika, yeye na cherehani yake. Kila Idi alimpigia simu kuwauliza watoto wake wanasoma darasa gani.

Alikuwa na ndoto yake, na alinionyesha mara moja tu. Al Baraha, nyuma ya jengo alilokuwa amepanga kitanda, kulikuwa na duka tupu lililokuwa la dobi. Kioo chake kilikuwa na vumbi. Alisimama mbele yake, akajitazama kwenye kioo, akatengeneza mtandio. Hapo ndipo alipotaka kuuza madira na leso na kupokea mizigo ya watu, kwa leseni yake na viza yake, na juu ya mlango ubao wa kijani wenye jina lake zima, la kwanza hadi la babu. Alikuwa akimsalimu mlinzi wa jengo lile kila wiki ili ajue kama limepangishwa. Lakini kila akikaribia kutimiza akiba yake, alitokea fundi wa Tanga mwingine.

"Leseni hawatoi kwa mali kauli," alisema.

"Na wewe nani anakunywia chai, Shangazi?"

"Nani? Ninywee wewe."

"Nitakunywa."

"Viza ya miaka miwili itanywa chai gani!" Tulicheka sana, na mlinzi wa jengo akacheka nasi bila kujua la kuchekesha ni lipi.

Mimi mambo yangu yalinyooka kidogo. Kwa mablanketi na mashuka, msimu baada ya msimu, niliweza kulipia leseni ndogo kabisa, ya kufanyia kazi kwenye meza ya kushirikiana na watu nisiowajua. Nikaacha ulinzi, nikahama Muhaisnah. Nilijiona mtu mkubwa. Nilimpelekea Mdhamini leseni yangu aione, akaipigia pasi kwa mkono, akasema imeandikwa vizuri. Aliisoma tena kabla ya kunirudishia.

Kisha kafeel wake akafariki. Watoto wake walikuwa watu waungwana, wenye shughuli zao nyingine, na ofisi ile ndogo haikuwa na faida kwao. Waliifunga. Walimpa Mdhamini haki yake na shukrani, wakafuta viza yake, akabaki na muda ule mfupi wanaokupa utafute pengine au uondoke. Alianza kutembea na paspoti yake mkobani, ambayo hatimaye ilikuwa mkononi mwake. Kila ofisi aliyoingia walimpenda mpaka walipofungua ukurasa wa kwanza. Ile sitini yenye foleni alikuwa ameipita zamani sana. Bima ya mtu wa umri ule, wakasema. Inshallah, tutakupigia.

Tulikusanyika chumbani kwake Al Baraha, wote aliotunywia chai tulioweza kufika: walinzi, wapishi, msusi, dereva mmoja wa Pemba. Tulichanga. Tulichochanga kilitosha leseni bila viza, au viza bila leseni. Mtu akauliza, kwani hakuna mmoja wetu anayeweza kumdhamini? Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa chini ya jina la mtu mwingine. Mimi peke yangu nilikuwa na leseni, na ile leseni yangu ya bei ya chini ilikuwa na nafasi ya viza moja, ambayo nilikuwa nimeikalia mwenyewe. Kuongeza ya pili kulitaka ofisi yenye kuta zake. Nililia mbele za watu siku ile, na sikuona haya.

Mdhamini aliturudishia michango yetu. Alituchungulia mmoja mmoja juu ya miwani huku akikumbuka kila mtu alitoa nini, akatufukuza akisema chumba kimekuwa na joto.

Palibaki mlango mmoja. Mzee Mablanketi, kama tulivyomwita, alikuwa Mhindi mwenye ndevu za hina, mwenye duka lile lililonipa mali yangu ya kwanza. Kiswahili alijifunza kwa wateja. Nilimvuta Mdhamini mpaka kwake asubuhi moja. Hakutaka kuja. Alikuja, nadhani, ili nisije nikajilaumu kwamba sikujaribu.

"Mama, karibu! Kaa, kaa. Yalla, lete chai tatu!"

Vikombe vikaja, vikiwa na moshi. Mdhamini akaanza habari za joto. Mimi sikuweza kungoja. Nikavunja desturi, nikamtaja jina lake lote.

"Bhai, mwandike kazini hapa. Viza moja tu. Wateja wote wa Kiswahili watakuja kwako."

Mzee Mablanketi alifuta uso kwa kitambaa. "Mimi iko na heshima kwa Mama, wewe najua. Lakini hii duka iko kwa jina ya arbab. Arbab naita mwenyeji, tajiri ya duka, si mimi. Mimi nikiomba viza ya mtu ya umri hii, yeye itauliza maswali. Itauliza mimi pia iko na umri gani." Aligusa zile ndevu za hina. "Watoto yangu yote iko kwa viza yangu."

Nilichukua kikombe changu, nikakinywa chote kwa mkupuo, moto vilevile. Ulimi uliungua, machozi yakanitoka. Nikakiweka kitupu katikati ya meza, mbele yake. Mzee Mablanketi alikitazama kwa huruma kubwa, kisha macho yake yakahamia kwenye kikombe cha Mdhamini.

"Mama, sema wewe," alisema polepole. "Wewe ikisema, mimi nakwenda kwa arbab leo. Wallahi nakwenda."

Alikuwa anamaanisha. Niliiona hofu usoni mwake na niliona kwamba angekwenda. Mdhamini alikigeuza kikombe kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa kunywea. Akauliza binti yake wa pili anaolewa lini. Akauliza kama posa imetoka mbali. Akasema mwaka huu joto limewahi.

"Shangazi, chai inapoa," nilisema.

"Iache."

Nikakisogeza kikombe karibu na mkono wake. Akautoa mkono, akauweka mapajani. Wakaendelea na habari za harusi, sauti ya Mzee Mablanketi ikizidi kupotea, mpaka utando ukajikunja juu ya chai. Mdhamini akasimama.

"Mpe huyu mashuka yake ya msimu, Bhai. Usimbane bei. Mie nina safari."

Mzee Mablanketi alisimama pia, akaweka mkono kifuani, akaufuta uso wake tena kwa kile kitambaa.

Nilimfuata nje nikiwa na hasira zaidi ya huzuni. "Angekwenda! Umesikia mwenyewe. Kwa nini hukunywa?"

"Ukiletewa mtu hajui mwezi ujao atakuwa wapi, umri umemtupa, kafeel hana, wewe ungemnywia? Uwaponze watoto wa watu?"

"Mtu huyo ni wewe."

"Ndiye huyo." Alitengeneza mtandio. "Usinililie barabarani, wee wa bara. Watadhani nimekuibia."

Tulisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Sikuwa na la kumpa. Nikakumbuka swali lake, nikalitoa kwa sababu halikuja jingine.

"Shangazi, ukirudi, nani kwenu nitampigia simu?"

Alivaa miwani. Akafungua simu yake, akaanza kupitia majina kwa kidole, juu mpaka chini, akarudi juu. Wengi walikuwa sisi, wa hapahapa, na wenye maduka. Alitafuta kwa muda mrefu, watu wakitupita na marobota vichwani na kwenye mikokoteni. Kisha akavua miwani, akaniambia nimpigie mama yangu Molo.

"Atajua nilipo," alisema. "Nimemwambia aniwekee blanketi."